Toyota 86 ya 2.0 au GR86 ya 2.4: gari la spoti la bei nafuu lataka injini kubwa kiasi gani?

Tangu Toyota 86 itoke mwaka 2012, sifa na lawama zake ni zilezile. Sifa: ni nyepesi, imekaa chini, usukani unasikiliza mkono. Lawama: injini haina pumzi. Nguvu za farasi 200 kwenye gari lenye sura ile, wasema wapenzi wa magari, ni kuwachezea watu shere. Toyota na Subaru, waliolitengeneza gari hili pamoja, waliziba masikio kwa karibu miaka kumi, kisha mwaka 2021 wakaleta GR86 yenye injini ya lita 2.4 na farasi 235. Sasa zote mbili zinashuka Kilindini kutoka Japani, na anayetafuta gari la spoti bila kuuza shamba ana swali moja: aongeze pesa apate injini kubwa, au achukue ile ndogo na tofauti aitie kwenye matengenezo?

Tunazipima hapa kwa barabara, joto, mafuta na kodi za Mombasa. Msimamo wetu tuuseme mapema. Injini ndogo ilistahili lawama, lakini wengi waliilaumu kwa kosa lisilo lake. Haikukosa nguvu za juu. Ilikuwa na shimo katikati. GR86 imeliziba shimo hilo na ikaishia hapo, na imefanya vyema kuishia hapo.

Shimo lilipo

Injini ya 86 ya zamani, FA20, ni boksa: silinda nne zimelala, mbili kila upande. Kipenyo cha silinda ni milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 86, mgandamizo 12.5 kwa 1, na kila silinda ina nozeli mbili za petroli, moja ikipuliza ndani moja kwa moja na nyingine kwenye njia ya hewa. Farasi 200 zinapatikana kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na torki (nguvu ya kusokota, hupimwa kwa Nm) ya juu kabisa, Nm 205, inakuja baada ya mizunguko 6,400. Mabadiliko ya mwaka 2016 yaliipandisha ile ya gia za mkono hadi farasi 207 na Nm 212. Ya otomatiki iliachwa palepale.

Ukikanyaga mafuta kutoka chini, torki inapanda vizuri hadi mizunguko elfu tatu na kitu. Halafu, kati ya takriban 3,500 na 4,500, inalegea utadhani mguu umeachia pedali. Baada ya hapo inarudi na kupanda hadi juu. Chanzo ni urefu na mpangilio wa mabomba ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Yamepimwa yaisaidie injini kupumua kwenye mizunguko ya juu. Kwenye mizunguko ya kati wimbi la moshi linarudi kwenye vali wakati usiofaa, silinda inabaki na masalio ya moshi na inavuta hewa pungufu.

Kwenye karatasi ni jambo dogo. Ukipanda kutoka Mazeras kuelekea Mariakani na Voi si dogo hata kidogo, na hesabu yake ni nyepesi. Gari la gia za mkono la baada ya 2016 lina uwiano wa difu wa 4.3, gia ya nne ni 1.213, na tairi ya 215/45R17 ina mzingo wa karibu mita 1.96. Uko nyuma ya trela, kilomita 80 kwa saa, gia ya nne: injini inazunguka kama mara 3,540. Ukifika kilomita 100 itakuwa inasoma kama 4,430. Kwa maneno mengine, kazi yote ya kulipita lori unaifanya ndani ya shimo, na basi linalokuja mbele halikungoji. Waliolizoea gari hili hushuka hadi gia ya tatu kabla ya kuchungulia: kwa kilomita 80 inasoma karibu 4,500, pale torki inapoanza kurudi, na kwa kilomita 100 inakuwa kama 5,600, ambapo injini inaimba. Ni dawa ya kweli. Lakini mtu aliyetoka kwenye Forester au Harrier hatashuka gia. Atakanyaga, ataona gari linasitasita, kisha atarudi mjini kusema 86 haina nguvu.

Sasa GR86. Kipenyo cha silinda kimepanuliwa kuwa milimita 94, mwendo wa pistoni umebaki 86, ujazo ni sentimita za ujazo 2,387, mgandamizo uleule wa 12.5. Turbo, ile feni ya kushindilia hewa kwenye injini, hakuna. Torki ni Nm 250 na kilele chake kiko kwenye mizunguko 3,700. Difu ni 4.1, na kwa tairi za 215/40R18 gia ya nne inasoma kama 3,350 kwa kilomita 80 na 4,190 kwa kilomita 100. Kilele cha torki kimewekwa katikati kabisa ya kazi ya kulipita lori. Hakuna kushuka gia, hakuna kusubiri.

Watengenezaji wanatangaza sekunde 6.3 kutoka kusimama hadi kilomita 100, badala ya saba na nusu hivi za gari la zamani. Namba hiyo waachie wanaopenda kubishana. Faida tunayoisema sisi haimo ndani yake, kwa sababu mbio za kutoka kusimama hupigwa kwenye mizunguko ya juu, ambako hata gari la zamani halikuwa na neno.

Kwa nini si farasi 300

Hoja tunayoisikia zaidi ni hii: Subaru hiyohiyo inayo injini ya 2.4 yenye turbo kwenye WRX S4, farasi 275 na Nm 375, mbona wasiitie humu? Wangeweza. Lakini turbo haiji peke yake. Inakuja na intakula (kipoza hewa ya turbo), mabomba, radieta kubwa zaidi, giaboksi inayohimili torki, difu na ekseli nene, breki kubwa, kisha tairi pana za kuushikilia mzigo wote huo. Kila kimoja kina kilo zake na bei yake. Nissan Fairlady Z ya sasa ina farasi 405, na ina karibu tani 1.6. GR86 ya gia za mkono ina kama kilo 1,270. Hizo kilo mia tatu na zaidi ndizo utakazozisikia kwenye kila kona na kila breki, na kwenye bei pia.

Pili, nguvu uitumie wapi? Mjini kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Gia ya pili ya 86 ya zamani pekee inafika kilomita 90 na kitu kabla ya laini nyekundu. Utamu wa gari hili ni kwamba unaweza kuimaliza gia nzima, ukaisikia injini hadi mwisho wake, bila kutafutana na askari wa trafiki wala na Mungu. Ukilipia farasi 300, kutoka daraja la Nyali hadi Mtwapa utatumia robo ya gari ulilonunua.

Na kuna joto. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ya Mombasa ina nyuzi 32 au 33 na unyevu mwingi. Intakula inapoza kwa hewa hiyohiyo. Turbo ikibana hewa iliyokwisha kuwa moto, kompyuta ya injini inarudisha nyuma muda wa kuwasha ili kuzuia petroli kulipuka kabla ya wakati, na zile farasi ulizolipia zinayeyuka kwenye foleni ya Makupa. Injini isiyo na turbo nayo hupungukiwa na pumzi kwenye joto, ila hasara yake ni ndogo na haishtukizi.

Ukichukua ya zamani: zibeni shimo, msitie turbo

Vifaa vya turbo na supachaja vya 86 vimejaa mitandaoni, na baadhi ni vizuri. Tatizo ni kile kinachobaki ndani ya injini. Mgandamizo wa 12.5 ni mkubwa mno kwa injini ya kushindiliwa hewa, petroli ya vituo vyetu si ile ya mashindano, na konrodi za FA20, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, zinajulikana kwa wembamba: nguvu ikikaribia farasi 300 kwenye magurudumu, huwa ndizo za kwanza kupinda au kukatika, na konrodi ikikatika hutoboa bloku. Kabla ya kufika huko klachi itakuwa imeanza kuteleza na joto la oili limepita kiasi. Fundi akikuambia "tunatia tu, hatufungui injini", mshukuru na uondoke.

Linaloziba shimo kwa gharama ndogo ni mambo mawili yafanywe pamoja: manifoldi mpya ya ekzosi (mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda) na programu mpya ya kompyuta ya injini. Moja bila jingine ni nusu ya kazi. Manifoldi peke yake inapunguza shimo kidogo na mara nyingi inawasha taa ya injini. Programu peke yake inalainisha, lakini mabomba ni yaleyale.

Yapo mambo ya kuangalia kwenye kazi hii. Kwenye FA20 kichujio cha kwanza cha moshi kimejengwa ndani ya manifoldi yenyewe. Chagua manifoldi iliyo na kichujio chake. Isiyo nacho inanuka petroli, inapiga kelele, na programu italazimika kudanganywa ili taa isiwake. Nati na boliti za ekzosi kwenye gari lililoishi pwani zimeshikana kwa kutu, kwa hivyo zinyunyiziwe mafuta ya kulegeza usiku kabla ya kazi na zifunguliwe injini ikiwa vuguvugu. Stadi (boliti isiyo na kichwa) ikikatikia kwenye kichwa cha silinda, kazi ya asubuhi moja inageuka ya siku mbili. Gasketi ziwe mpya, za chuma. Sensa ya oksijeni ifunguliwe kwa spana yake maalumu yenye mwanya wa waya, isisokotwe na waya wake. Baada ya kufunga, injini iwashwe ikiwa baridi na fundi asikilize kwenye viungo: mlio wa "tk-tk-tk" unaopotea injini ikipata joto ni moshi unaovuja.

Programu iandikwe kwa petroli unayotumia kila siku. Ikiandikwa kwa oktani ya juu, yaani petroli isiyolipuka upesi kabla ya wakati, halafu ukajaza super ya kawaida, injini itagonga chini ya mzigo. Na hapa tuseme jambo linalopuuzwa hata na wenye gari lisiloguswa: 86 za Japani, ya zamani na mpya, zimeandikiwa petroli ya premium. Kibandiko kiko ndani ya mlango wa tangi, kwa Kijapani, na wengi hawakisomi. Tumia V-Power au petroli nyingine ya oktani ya juu. Ukitia super ya kawaida gari halitakufa, kwa sababu sensa ya kugonga inarudisha nyuma muda wa kuwasha, lakini shimo la katikati litazidi kina na utaanza tena kulaumu injini.

Swali jingine la mara kwa mara ni kama injini ya turbo ya Forester XT, nayo ikiitwa FA20, inaingia. Jina ni moja, mambo ni mawili. Vichwa vya silinda, mfumo wa petroli, nyaya na nafasi ya turbo ni tofauti, na giaboksi ya Forester imetengenezwa kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Pesa za kazi hiyo zinakaribia tofauti ya kununua GR86.

Dogo linalotushangaza: Swift Sport

Kama hoja ni nguvu ya katikati kwa bei nafuu, haki itendeke: Suzuki Swift Sport ya 2017 kuja juu ilijibu kabla ya GR86. Injini yake ni ya lita 1.4 yenye turbo ndogo, farasi 140 tu, lakini torki ni Nm 230 kuanzia mizunguko 2,500, na ile ya gia za mkono ina kilo 970. Gawanya torki kwa uzito: Swift inapata kama Nm 237 kwa tani, GR86 kama 197, 86 ya zamani ya gia za mkono kama 171. Kwenye foleni ya Kongowea au ukitoka matuta ya Bamburi, Swift ndiyo inayochomoka bila kelele. Turbo ndogo yenye msukumo wa wastani haiteswi na joto kama kubwa.

Kinachokosekana ni kile ambacho watu hununulia 86. Swift inavutwa na magurudumu ya mbele, unakaa juu, na mizunguko ikipita 5,500 hakuna kitu kilichobaki. Ni gari la kazi lenye ukorofi. Lina milango mitano, watoto wanakaa nyuma na mizigo ya soko inaingia. Kwa anayeishi kisiwani na kutoka mara chache, tungeliweka mbele ya 86 zote mbili.

Mazda Roadster ya lita 1.5 tunaitaja kwa haraka. Ina farasi 132 na torki ya Nm 152 kwenye kilo elfu moja na kitu, haina nguvu yoyote ya kujivunia, na bado usukani wake ni mtamu kuliko wa magari yote tuliyoyataja. Paa la kitambaa chini ya jua la utosi ni adhabu, na kitambaa chenyewe kinachakaa.

Kodi haijali 2.0 au 2.4

Sheria ya magari yaliyotumika ni usukani wa kulia na umri usiozidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Kwa hivyo 86 za zamani zinazoingia sasa ni zile za baada ya mabadiliko ya 2016, na kila mwaka dirisha lao linazidi kufungwa. Zilizoingia zamani zinauzwa hapa zikiwa na namba za Kenya.

Upande wa kodi, mstari uko kwenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,500. Gari la petroli lililozidi hapo, hadi 3,000, linatozwa ushuru wa bidhaa wa 25%. Lisilozidi ni 20%. Tuchukue thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha wa 35% ni 350,000. Ushuru wa bidhaa wa 25%, juu ya 1,350,000, ni 337,500. VAT ya 16%, juu ya 1,687,500, ni 270,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji (IDF) ya 2.5% na tozo ya reli ya 2%, jumla 45,000. Umelipa 1,002,500, yaani kodi imeipita thamani yenyewe. Kwa gari lisilozidi 1,500 hesabu hiyohiyo inatoa 924,200, nafuu ya 78,300 kwa kila milioni. Viwango hivi huguswa karibu kila Sheria ya Fedha, kwa hivyo wakala wako wa forodha akupe hesabu ya mwezi huu.

Cha kuona hapo ni kwamba 2.0 na 2.4 ziko fungu moja. Serikali haikuadhibu kwa kuchagua injini kubwa; inakuadhibu kwa upya wa gari, kwa kuwa thamani ya forodha hukokotolewa kutoka bei ya gari jipya na kupunguzwa kadiri linavyozeeka. GR86 ni changa, basi makato yake ni madogo. Swift na Roadster zinapita kwenye 20%.

Pesa ziende wapi kwanza

Gari la spoti la pwani linauawa na vitu ambavyo si injini. Cha kwanza ni tairi. 86 ya zamani ilitoka kiwandani na tairi za 215/45R17 zilezile za jamii ya Prius, na hiyo ni bahati kwetu: saizi hiyo iko kwenye Prius Touring na Lexus CT200h, kwa hivyo duka lolote kubwa la tairi mjini linayo. GR86 ya daraja la RZ inavaa 215/40R18, ambayo ni adimu zaidi na ukuta wake ni mwembamba. Shimo moja la barabarani wakati wa masika linapinda rimu. Daraja la SZ lina 17 na tunalipendelea kwa barabara hizi. Nunua tairi nzuri nne za aina moja. Kuchanganya chapa mbele na nyuma kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mvua ikiwa imeanza kulowesha mafuta ya malori barabarani, ni kujitafutia kuzunguka.

Chini ya gari kuna kama milimita 130 tu. Matuta yapandwe kwa mshazari, gurudumu moja moja. Kwa wavukao Likoni, tazama maji kabla ya kujipanga: yakipwa, ngazi ya feri inakuwa na mteremko mkali na bampa ya mbele inakwaruza, yakijaa, unapanda bila shida. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, zungukeni Dongo Kundu.

Chumvi inafanya kazi usiku na mchana. Kuosha gari ni vizuri, ila uliza maji yanatoka wapi. Visima vingi vya Nyali, Bamburi na Shanzu vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea chini ya gari kwa maji hayo ni kuongeza unachotaka kuondoa. Maji ya mfereji au ya bauza, mara moja kwa mwezi chini ya gari, yapite kwenye mabomba ya breki, boliti za fremu ndogo ya nyuma na viungo vya ekzosi.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na Mombasa hauna uhaba wa unyevu. Yabadilishwe kila mwaka, DOT 4, hata kama gari limekaa. Mafuta yaliyolewa maji huchemka ukishuka Mazeras ukibana breki nyuma ya malori, na pedali inazama. Injini ya zamani inachukua oili 0W-20 kama lita 5.4 pamoja na filta, na filta iko juu ya injini, unaifungua ukiwa umesimama. Plagi ni kinyume chake. Ziko ubavuni, zimebanwa na fremu, na ili kuzifikia lazima betri na kisanduku cha hewa vitoke, na wakati mwingine injini iinuliwe kidogo kwenye mikono yake. Fundi aliyezoea Subaru atazifikia bila malalamiko, na mji huu unao. Asiyezoea atavunja koili.

Kabla ya kulipa

Omba karatasi ya mnada ya Japani yenyewe, si picha ya tangazo. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri. R au RA maana yake mwili umewahi kurekebishwa, na magari ya spoti huko yana R nyingi kwa sababu inayojieleza. R haimaanishi ukimbie, inamaanisha gari lipandishwe juu na fremu ya mbele ipimwe. Ukiona kutu nzito chini kwenye gari lenye kilomita chache, limetoka mikoa ya theluji ambako barabara humwagwa chumvi. Hilo liache, chumvi ya hapa italimalizia.

Kwa 86 za 2012 na 2013 zilizo na namba za Kenya, tafuta kama springi za vali zilibadilishwa kwenye wito wa kiwanda wa mwaka 2018. Kazi hiyo hutaka injini itolewe, na pale silikoni ya kuzibia ilipopakwa kupita kiasi, vipande vyake viliangukia kwenye kichujio cha kuvutia oili na kuua injini iliyokuwa nzima. GR86 nayo ina malalamiko ya silikoni kuonekana kwenye kichujio hicho, kutokana na ilivyopakwa kiwandani. Shinikizo la oili kushuka kwenye kona ndefu za kulia ni jambo la viwanja vya mbio zaidi kuliko la Links Road, lakini kamera nyembamba ikipitishwa kwenye tundu la kutolea oili siku ya kubadilisha oili itakuonyesha kama kuna kitu kinaning'inia.

Injini ikiwa ya moto, sikiliza. Mlio wa nyenje kutoka juu ya injini ya zamani ni pampu ya petroli ya shinikizo la juu, unaudhi, hauui. Mlio unaobadilika ukikanyaga na kuachia klachi ni beringi ya klachi, na kuibadilisha ni lazima giaboksi ishuke, basi upunguziwe bei. Otomatiki ya zamani tungeiacha kabisa: ina zile farasi 200, ina shimo lilelile, na huna gia ya tatu ya kuikamata kwa mkono upesi unavyotaka. Otomatiki ya GR86 inavumilika, kwa sababu torki inakuja mapema kiasi cha giaboksi kutohangaika. Ukiipata ya SZ yenye gia za mkono, rimu za 17 na karatasi ya mnada isiyo na R, hiyo usiiache yadi ilale.